Mume wangu anakusanya marejesho ya kausha damu, mimi nawatetea wanaodaiwa

Shikamoo anti. Jina langu usilitoe, niite tu mama wawili wa Nyamanoro. Hii barua nimeiandika mara nne nikawa naifuta, leo naituma hivihivi ilivyo.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, niko na kashirika kadogo kasicho cha kiserikali hapa Ilemela, hatuna mfadhili wa maana, tuna meza mbili na benchi na daftari basi, ila jumanne wanawake wanajaa mpaka nje kwenye kivuli cha mwembe. Zamani walikua wanatuletea kesi za matunzo ya watoto, mirathi, viwanja. Siku hizi wengi ni mikopo tu, kausha damu, ile ya riba kubwa na rejesho la kila siku, mtu anaanza kuongea halafu analia hata hajafika kwenye kiasi alichokopa.

Sasa wiki mbili zilizopita akaja mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Alikopa laki 5. Wakamkata elfu 20 ya fomu na elfu 25 wakamwambia ni bima, akaondoka na 455,000 mkononi, rejesho elfu 23 kila siku kwa siku 30. Siku 12 za mwanzo akalipa vizuri bila shida, halafu ikaingia mbalamwezi. Anti wewe unajua, dagaa anavuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwaka mitumbwi inalala ufukweni na mama hana mzigo wa kuanika wala wa kuuza. Akakosa rejesho siku 6, na kila siku faini elfu 5. Siku ya 7 wakaja watu wanne, nyumba yake iko kule juu kwenye mawe, wakashusha friji kwa mabega majirani wote wanaangalia, wakachukua TV, cherehani ya binti yake anayejifunza ushonaji, na mtungi wa gesi maharage yakiwa bado jikoni hayajaiva.

Wakamwachia karatasi ya orodha ya vitu walivyobeba. Akanipa mimi. Nikaisoma mara moja tu nikahisi miguu imeisha nguvu maana ule mwandiko naujua anti, saba yake anaikata kistari katikati, g yake ina mkia mrefu, ndo mwandiko ulioko kwenye daftari la mahari yangu na kwenye kadi za kliniki za wanangu. Ni mume wangu.

Nilijua anafanya kazi kampuni ya mikopo, mwaka wa pili huu, ila aliniambia yuko ofisini anajaza fomu na mimi sikuuliza sana maana ndo alikua ametoka kukaa bila kazi muda mrefu na kodi ilikua imetushinda. Jioni ile nikamuuliza. Hakukataa. Akasema mteja asipoleta rejesho linakatwa kwenye mshahara wangu mimi, mwezi uliopita nilileta nusu nyumbani ukanuna, hukujua kwa nini, sasa ndo ujue. Akasema tena, mkiifungia ile ofisi hao mama zako watakopa wapi, benki? Benki gani itampa muuza dagaa laki 5 bila hati? Halafu akasema nikiendelea na hilo faili nichague moja.

Mkurugenzi wetu anakusanya wanawake 17 wenye mikataba ya kampuni hiyohiyo, wapeleke malalamiko pamoja Benki Kuu tawi la hapa Mwanza, na mimi ndo nimepewa niwaandikie barua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hakuna anayejua. Yule mama wa Mwaloni jumanne iliyopita alinikumbatia akasema wewe ndo mtetezi wangu, nilitaka ardhi ipasuke. Na karatasi anti, ile karatasi iko kwenye pochi yangu wiki ya pili, sijaiweka kwenye faili, nilimwambia mkurugenzi mama bado hajaileta.

Nijitoe kwenye shirika? Nimwache mume? Nikae kimya? Nisaidie sijalala.

Mama wawili, Nyamanoro

* * *

Marahaba mwanangu. Pole sana, na asante kwa kutuma bila kufuta mara ya tano.

Nianze na pochi. Karatasi hiyo irudi kwenye faili kesho asubuhi, kabla hujafanya kitu kingine chochote, kabla hata hujaamua habari za ndoa. Hiyo ni mali ya yule mama, ndo kitu pekee alichonacho kinachoonyesha nani alibeba nini siku gani, na alikupa kwa sababu alikuamini. Kila siku inayokaa kwako unamfanyia kitu ambacho ukikisikia kwa mtu mwingine ungemwambia huo ni unyang'anyi wa pili. Najua hukuificha kwa ubaya, uliificha kwa hofu, na hofu ile naielewa kabisa, baba wa watoto wako jina lake linaweza kusomwa mbele za watu. Ila irudishe. Ipige picha pande zote mbili, tarehe isomeke, kisha mpe mkurugenzi mkononi na umwambie ilikua kwako muda wote na kwa nini.

Atakasirika, mwache akasirike. Ukishamwambia, lile faili la mama wa Mwaloni ashike mwenzako, na yale mengine 16 mkae na mkurugenzi muangalie mumeo yumo kwenye mangapi, yote aliyomo wewe huyagusi, huyasomi, huyaulizii hata kwenye chai. Hakuna wakili wala msaidizi wa kisheria anayeruhusiwa kukaa pande zote mbili za meza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndo iliyowapa nyie wasaidizi wa kisheria heshima ya kutambulika, msiipoteze kwa jambo kama hili, maana siku kampuni ikigundua mwandishi wa malalamiko ni mke wa afisa wao wenyewe, watasema barua zote 17 ni ugomvi wa nyumbani na wanawake 16 ambao hawahusiki na ndoa yako wataanguka na wewe. Kujitoa kwenye shirika zima sikuoni sababu. Kuna matunzo ya watoto, kuna mirathi, kuna kampuni nyingine za mikopo ambazo mumeo hajawahi kukanyaga, jumanne bado watu wanakaa chini ya mwembe.

Yule mama aambiwe, na aambiwe na wewe mkurugenzi akiwepo. Usingoje aambiwe na watu wa Mwaloni, pale habari inazunguka kabla mzigo haujashuka kwenye mtumbwi.

Sasa nikuandikie hesabu, maana nataka umwonyeshe mumeo hii hesabu kwa utulivu, yeye ni mtu wa namba. Alikopa laki 5 kwa mwezi mmoja, anarudisha 690,000. Hiyo ni 190,000 juu, asilimia 38 ya mwezi, na ukihesabu kwamba mkononi alipewa 455,000 tu basi kalipishwa 235,000 juu ya pesa aliyoishika, inapita nusu yake. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, ndo hawa wasiopokea amana, kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki 5 riba ya mwezi inakua 17,500. Mwambie aandike hizo namba mbili juu na chini, 17,500 na 190,000, aziangalie. Na kule Marekani tangu 2006 kuna sheria inayosema mwanajeshi asikopeshwe kwa zaidi ya asilimia 36, kwa mwaka mzima mwanangu, ofisi ya mumeo inazipita hizo ndani ya mwezi mmoja kwa muuza dagaa.

Wakopeshaji wengi watakwambia hiyo siyo riba, ni fomu, ni bima, ni gharama za usumbufu. Ndo maana kwenye malalamiko msiandike tu kwamba riba ni kubwa. Kila mama aandike alichosaini, alichopokea mkononi, alichokatwa na kwa jina gani, alicholipa siku kwa siku, na hapo meseji za miamala kwenye simu zina thamani kuliko maneno elfu, wasizifute, na anayetaka kuuza simu yake apige kwanza picha meseji zote. Kama aliambiwa ni bima, ulizeni bima ya kampuni gani, hati yake iko wapi, anayefidiwa ni nani. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinataka mkopaji aelezwe gharama zote waziwazi kabla hajaweka sahihi, na aachiwe nakala ya mkataba. Nimeona mikataba mingi mno ambayo mama hana nakala, ana picha ya nusu ukurasa iliyopigwa na mtoto wake wa darasa la sita.

Jambo la kuangalia mapema kabisa ni leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu hakopeshi kama biashara bila leseni ya Benki Kuu, awe na ofisi ya ghorofa au awe na meza chini ya mwavuli, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Kama kampuni haimo, malalamiko yenu yanabadilika sura kabisa, hapo mnataarifu kosa la jinai. Kama imo, kwanza kila mama apeleke malalamiko yake kwa maandishi kwa kampuni yenyewe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wakikataa kugonga andikeni tarehe, saa na jina la aliyekataa, ndipo mnakwenda Benki Kuu. Wengi wanaruka hiyo hatua kwa hasira wanarudishwa mlangoni. Na kwenda 17 kwa pamoja ni kuzuri sana, mkopaji mmoja anaambiwa wewe hulipi vizuri ndo tabia yako, wakiwa 17 wenye mkataba mmoja na makato yaleyale inaonekana ni utaratibu wa kampuni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokua zinafanya kazi bila leseni, na hasira ya watu kuhusu hizo programu ilikua imeshasikika kila kona, watu walikua wanatumiwa meseji mashemeji zao na wachungaji wao kwamba fulani ni tapeli hajalipa elfu 40. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri yanasomwa.

Kuhusu vitu vilivyoshushwa mlimani. Deni ni madai, siyo jinai, na anayedai akishindwa kulipwa anakwenda mahakamani, mahakama ikitoa amri dalali wa mahakama ndo anakuja na karatasi yenye muhuri. Watu wanne na mabega yao siyo mahakama. Hata kama kwenye fomu kuna kale kasentensi ka "nimeridhia mali zangu zichukuliwe", hako siyo ruhusa ya kuingia jikoni kwa mtu kung'oa mtungi na maharage yako motoni. Sitakudanganya ili nikutulize, mumeo anaweza kuitwa polisi kujieleza kuhusu siku ile, na akiitwa usimfundishe la kusema. Kitu kizuri kuliko vyote anachoweza kufanya sasa hivi ni kuhakikisha vile vitu haviuzwi, kama bado viko stoo ya ofisi, hasa cherehani. Cherehani ni kazi ya yule binti.

Hapo tufike kwa mumeo, na naomba unisikilize vizuri maana wengi watakwambia mwache huyo jambazi. Mimi simuiti hivyo. Nimesoma barua yako mara tatu na ile sentensi ya kukatwa mshahara imenikaa, kwa sababu hapo ndo injini ya hii biashara ilipo. Kampuni inampa kijana lengo la rejesho la kila siku, ikijua kabisa kwamba wateja wa ziwa hawana kipato cha kila siku, wana kipato cha giza na cha mbalamwezi, kisha mwezi ukiwaka inamwambia pengo ni lako. Bosi hapandi kwenye mawe. Anapanda mumeo, mwenye kodi na watoto wawili, na anapanda akiwa na hasira ya mtu anayeibiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka, hata hasara ikisemekana umeisababisha wewe kuna utaratibu, kosa liwe lako, uandikiwe maelezo, upewe nafasi ya kupinga, na kuna kikomo cha kukata. Mteja kukosa dagaa siyo kosa la afisa mikopo. Akusanye karatasi zake za mshahara za hiyo miaka miwili aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapa Mwanza wapo, anaweza kwenda hata leo bila kumtaja mteja yeyote. Nyie kwenye shirika mngewasikiliza pia vijana kama hawa, wakopaji na wakusanyaji wanabanwa na mkataba uliotoka ofisi moja.

Na asije nyumbani na mafaili ya wateja akidhani anasaidia. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, akizibeba kiholela anajitengenezea kesi nyingine. Aseme alichoagizwa yeye na alichokatwa yeye, aseme mbele ya Benki Kuu yenyewe, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ila kabla hajafungua mdomo aonane na wakili, siyo wa shirika lenu, wakili wake.

Anaweza kukataa. Usimlazimishe, ila mweleze kuhusu North Carolina, jimbo moja la Marekani. Kule kuna taasisi inaitwa Self-Help, Martin Eakes na wenzake waliianza 1980, na kazi yake ilikua kukopesha, kukopesha hasa watu ambao benki haziwataki. Miaka ya tisini wakaanza kuona watu wa kipato cha chini wanapoteza nyumba kwa mikopo waliyochukua kwenye makampuni mengine yenye makato ya kificho. Wangeweza kusema sisi yetu masafi. Badala yake wakaunganisha mashirika wakadai sheria, na 1999 jimbo likaipitisha, ya kwanza ya aina yake kwa jimbo la Marekani, na 2002 wakaanzisha Center for Responsible Lending kuifanya kazi hiyo nchi nzima. Walioisukuma ile sheria walikua wakopeshaji, watu wanaojua hesabu inafichwa wapi. Mumeo anajua inafichwa wapi.

Lile swali lake la watakopa wapi msilipuuze, ni swali la kweli kabisa na watetezi wengi tunalikimbia. India, jimbo la Andhra Pradesh, 2010, baada ya taarifa za wakopaji kujiua serikali ya jimbo ilitoa amri ya kuyabana makampuni ya mikopo midogo, watu wakaacha kulipa, makampuni yakakauka, na wanyonge wengi wakarudi kwa mkopeshaji wa kijijini ambaye hana hata fomu. Kwa hiyo siku mnayoandika barua Benki Kuu, siku hiyohiyo muwe na daftari la pili. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na haina riba, wanawake wa Mwaloni wasaidiwe kuunda kikundi na kukisajili mapema maana karatasi zinachukua muda. Kikoba chao wenyewe kinafaa zaidi kwa sababu wao ndo wanajua mwezi, wanaweza kukubaliana kwamba siku za mbalamwezi hakuna rejesho. Kampuni isiyoweza kuangalia juu ikaona mwezi haistahili kukopesha watu wa dagaa, hilo mliandike kwenye malalamiko kama ombi, marejesho yafuate msimu wa kipato cha mkopaji.

Umeniuliza umwache. Kwa hili peke yake sikushauri, na pia sikushauri ukae kimya ili ndoa ikae. Alisema uchague, na mtu aliyebanwa anasema mengi. Subiri watoto walale, muweke chai, mpe namba zile mbili, umwambie karatasi umeirudisha na faili lake umelitoa mikononi kwa hiyo hutaandika barua inayomhusu yeye, ila hutawazuia wenzako kuandika. Mwambie unamuogopea. Akikuinulia mkono au akikunyima pesa ya watoto ili uache, hapo ushauri wangu unabadilika na uniandikie siku hiyohiyo. Kodi ya nyumba ikae mezani pia, msijidanganye, kama ataiacha kazi mpange mtakula nini miezi mitatu kabla hajaiacha, na mkae kwa adabu, hakuna wa kumcheka mwenzake aliyekosa.

Yule mama wa Mwaloni mkurugenzi amsaidie leo na kitu kidogo sana, mtungi wa gesi wa kuazima, watoto wale.

Niandikie tena giza likiingia. Nataka nijue kama cherehani imerudi, na kama mama alipata mtaji wa kushika mzigo.